Wanaobaki Wodini Risasi Zikilia



Ndugu zangu na dada zangu, hii ni mada niliyoombwa niizungumze mbele ya vijana wetu, na nimeiandika hapa ili wale ambao hawakuweza kufika nao waipate. Nimeipunguza kidogo, manake siku ile nilizungumza mpaka muadhini akanikatiza.

Nianze na ujumbe nilioupata kwenye simu. Dada mmoja, ndio kwanza amemaliza diploma ya uuguzi, aliniandikia hivi: "Dada, nimechoka kulia mbele ya simu. Kila nikifungua naona hospitali imepigwa, watoto wamelala sakafuni. Nataka kwenda kusaidia. Nianzie wapi?" Nilikaa na ule ujumbe siku mbili. Singeweza kumjibu kwa "Mungu akubariki" nikamalizia na kiemoji cha mikono. Wewe unayesoma pengine una swali lilo hilo, kwa hivyo jibu langu kwake na liwe jibu langu kwako. Lakini jibu lenyewe lina njia ndefu, itabidi univumilie.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi kwenye hospitali ya kambi ya wakimbizi kule kaunti ya Garissa, kisha nikavuka mpaka nikafanya kazi kwenye mji mmoja wa kusini mwa Somalia ambao sitautaja jina, kwa sababu wenzangu bado wako huko. Sikuwa shujaa. Mtaona mbele kwa nini nasema hivyo.

Hebu kwanza twende Mogadishu. Kijana wa leo akisikia "ambulensi" anafikiria gari lenye king'ora. Mwaka 2006 Mogadishu, aliyejeruhiwa alikuwa anabebwa kwa mkokoteni. Ndiyo, huu mkokoteni mnaouona unabeba mitungi ya maji hapa mtaani. Daktari wa meno mmoja, Dkt. Abdulkadir Abdirahman Adan, alikuwa amerudi kutoka masomoni Pakistan, akaona watu wanasukumwa hivyo, damu inachuruzika mpaka mtu anakata roho kabla ya kufika hospitali. Daktari wa meno, jamani! Hakuna ambaye angemlaumu angefungua kliniki yake, ang'oe meno, ale pesa zake. Yeye akatoa pesa mfukoni akanunua basi dogo, akaanza kubeba watu bure. Baadaye akawaendea wanafunzi wa chuo, akawaomba wachangie dola moja moja. Ndio ikazaliwa Aamin Ambulance, na namba yao ni 999.

Sasa, ukidhani watu wa Aamin siku zote wako kwenye mabomu, umekosea. Siku yao ya kawaida ni mama aliyeshikwa na uchungu saa nane ya usiku na hakuna gari litakalotoka kwa hofu. Au mzee ameshindwa kupumua. Shida ni njiani: vizuizi. Kila kizuizi kina askari, na askari ana wasiwasi, kwa sababu gari lolote linaweza kuwa na bomu. Dereva anapunguza mwendo, anawasha taa ya ndani, anashusha kioo, mikono juu ya usukani ionekane. Huku nyuma mama anasukuma. Dereva mzuri wa ambulensi katika mji wa vita si yule anayekimbiza. Ni yule anayejulikana sura kwenye kila kizuizi, na hilo hulipati kwa mwezi mmoja.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2017. Lori lililojaa vilipuzi lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, mchana, barabara imejaa watu, na karibu hapo kulikuwa na lori la mafuta, likashika moto. Waliokufa walifika 587. Wengi walichomeka hata hawakuweza kutambulika, wakazikwa bila majina. Kati ya waliokufa kulikuwa na binti aliyekuwa anamaliza masomo ya udaktari. Baba yake alikuwa amesafiri kuja kuhudhuria mahafali yake, akahudhuria maziko.

Mnakumbuka Garissa, Aprili 2015, chuo kikuu chetu, watu 148? Mnakumbuka vile taifa zima lilisimama, watu wakapanga foleni kutoa damu? Basi piga hesabu ya Zoobe karibu mara nne ya hiyo, kwenye nchi isiyokuwa na benki ya damu ya taifa. Hospitali za Mogadishu zilijaa mpaka kwenye ujia, watu wakalazwa chini. Wananchi walikuja wenyewe na mikono yao, "chukua damu yangu." Ndege ya Uturuki ikaja kubeba waliozidiwa.

Na miaka mitano baadaye, tarehe 29 Oktoba 2022, makutano yale yale. Bomu la kwanza likalipuka karibu na wizara ya elimu. Ambulensi ya Aamin ikakimbia kama ilivyozoea. Walipofika kuchukua majeruhi, likalipuka la pili. Gari likaharibika, dereva na mtoa huduma ya kwanza wakajeruhiwa. Siku hiyo walikufa watu zaidi ya 100. Bomu la pili huwekewa wale wanaokuja kusaidia. Na wale watu wa ambulensi wanalijua hilo. Kila simu ya 999 ikilia na mtu akasema "mlipuko", wanajua. Wanaenda. Mimi sijui nikuelezee vipi hii, wallahi. Nimewahi kumuuliza dereva mmoja wa kule nilikokuwa, anafikiria nini akiwasha gari. Akasema anafikiria kama amejaza mafuta.

Nije ndani ya hospitali sasa, manake huko ndiko ninakokujua.

Majeruhi wakiletwa wengi kwa wakati mmoja, hatuanzi na anayepiga kelele zaidi. Tunawapanga kwa rangi. Kijani ni yule anayeweza kutembea, hata kama analia, atasubiri. Njano ameumia sana lakini saa moja au mbili atavumilia. Nyekundu atakufa sasa hivi usipomgusa na atapona ukimgusa. Halafu kuna rangi ya nne. Huyo bado anapumua, lakini ukimpeleka chumba cha upasuaji atachukua masaa matatu, damu yote iliyobaki, na bado ataondoka, na wale wawili wekundu nao wataondoka wakimsubiri. Huyo unamweka pembeni. Unampa dawa ya maumivu, unampa mtu wa kumshika mkono, ikiwezekana anayejua kumtamkisha shahada. Anayepanga ni mtu mmoja, aliye na uzoefu zaidi, na yeye haruhusiwi kutibu. Anatembea tu na kalamu. Mara ya kwanza nilipoona hilo niliona ni ukatili. Baadaye nikawa mimi ndiye mwenye kalamu, na sikulala siku tatu.

Mambo mengine ya vita hufundishwi chuoni hapa nyumbani. Kidonda cha risasi hakishonwi siku hiyo hiyo. Kinasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, kisha kinaachwa wazi chini ya bandeji siku nne au tano, ndipo kinafungwa. Ukikishona mapema umefungia uchafu ndani. Jamaa za mgonjwa hawaelewi, wanakuja juu: "Mbona mmemwacha wazi kama mbuzi?" Inabidi ueleze, kila siku, kwa upole. Dawa ya usingizi tunayoitegemea ni ketamine, kwa sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe hata kama huna mashine. Mkanda wa kuzuia damu ukifungwa kwenye mguu, saa uliofungwa inaandikwa, hata kama ni kwenye paji la uso la mgonjwa kwa kalamu, kwa sababu ukisahaulika mguu unakufa. Jenereta ni kiungo cha mwili. Ikinyamaza, kila mtu anasimama, na masikio yote yanaelekea kule ilipo. Mimi niliyesomea ukunga nilijifunza kubadilisha chujio la dizeli.

Lakini ukweli ambao hauonyeshwi kwenye simu ni huu: sehemu kubwa ya kazi si risasi kabisa. Ni uzazi. Ni kuhara. Ni surua. Vita vikifunga barabara, chanjo haifiki, na chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, basi friji ikizimika siku mbili, kampeni nzima imeharibika. Mama anatembea siku tatu na mtoto mgongoni. Tunamfunga mtoto ule utepe wa kupimia mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Sentimita 11.5, hebu jipime gumba na kidole cha kati uone ulivyo mduara mdogo. Tunampa ile pakiti ya njugu iliyosagwa, na ukimwona ameanza kuilamba mwenyewe, siku hiyo unakula chakula chako vizuri.

Kuhusu chakula, wengi mnauliza. Asubuhi canjeero na chai, mchana baasto, ile pasta ambayo Wasomali wameirithi kwa Mtaliano na wanaila na ndizi, usiku ilikuwa baasto tena. Nilikaa miezi mitano ndani ya ua moja. Kutoka bweni kwenda wodini ni hatua 140, nilizihesabu. Hakuna sokoni, hakuna kutembea jioni. Saa fulani unaita kwenye redio, jina lako na "niko sawa", na wakikuita usipojibu wanakuja kukutafuta. Kijana anayedhani atachoka kwa sababu ya hatari ajue atachoka zaidi kwa sababu ya ukuta. Mama yangu akipiga simu haulizi risasi. Anauliza, "Mwanangu, umekula?" Na mimi nasema nimekula samaki.

Ramadhani kule ilikuwa ndiyo miezi yangu mizuri. Tunafuturu wodini, wauguzi, jamaa za wagonjwa, mlinzi wa lango, sahani moja. Usiku mmoja kwenye vitanda viwili vilivyokaribiana kulikuwa na vijana wawili wa pande zilizokuwa zinapigana. Kila mmoja alijua mwenzake ni nani. Mmoja hakuweza kutumia mikono. Sikuona nani alianza, niliona tu tende inavuka kutoka kitanda hiki kwenda kile. Kesho yake walirudi kutotazamana. Msiniulize waliishia vipi.

Na hapo niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Ukiingia kazi hii utamtibu mtu ambaye jana ameua. Utamsafisha, utamlisha. Ndiyo sharti. Ndiyo sababu kuna alama kwenye lango, bunduki imepigwa msitari, na ndiyo sababu mikataba ya Geneva ya 1949 inasema hospitali isiguswe. Hospitali ikionekana ni ya upande mmoja, wagonjwa wa upande ule mwingine watafia nyumbani, na ukuta wako umekwisha kazi. Somalia hata Madaktari Wasio na Mipaka, ambao kwao bunduki ni haramu ndani ya kazi zao, walilazimika kukubali walinzi wenye silaha, kitu ambacho hawakufanya kwingine. Unaona mkanganyiko huo? Mimi sijawahi kuutatua. Mwezi wa Agosti 2013, baada ya miaka 22, shirika hilo lilifunga kazi zote Somalia. Wafanyakazi wake walikuwa wameuawa, wengine wawili walitekwa hapa hapa kwetu Dadaab mwaka 2011 na kushikiliwa karibu miezi 21. Lilirudi mwaka 2017. Katikati hapo, waliokuwa wanategemea zile hospitali walienda wapi? Wale mabwana wa bunduki ndio wa kuulizwa.

Na si Somalia peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2015, hospitali ya Kunduz, Afghanistan, ilipigwa na ndege ya Marekani usiku, watu 42 wakauawa, wagonjwa na wafanyakazi. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2286 la kulinda hospitali vitani. Karatasi nzuri. Gaza, Dkt. Mahmoud Abu Nujaila aliandika kwenye ubao mweupe wa hospitali ya Al-Awda, pale ambapo huandikwa ratiba ya upasuaji, kwamba wao wamefanya walichoweza, na akaomba wakumbukwe. Hospitali ilipigwa Novemba 2023 akiwa ndani, akauawa. Machi 2025 kule Rafah, wahudumu 15 wa uokoaji waliuawa na jeshi la Israel, 8 kati yao wa Hilali Nyekundu, wakafukiwa na magari yao. Jeshi lilisema magari yalikuja gizani bila taa. Ikapatikana video kwenye simu ya mmoja wa marehemu: taa zinawaka. Umoja wa Mataifa ulihesabu wafanyakazi wa misaada 383 waliouawa mwaka 2024, idadi kubwa kuliko miaka yote iliyorekodiwa, na karibu wote ni wenyeji wa nchi hizo hizo.

Hilo neno, wenyeji, nilishike kidogo.

Tunapenda kusikia habari ya daktari aliyetoka mbali. Lakini nani anafungua lango asubuhi? Mwaka 1983, nje ya Mogadishu, barabara ya kwenda Afgooye, Dkt. Hawa Abdi alifungua kliniki ya chumba kimoja kwenye shamba la ukoo wake. Mama yake alikuwa amefariki kwa matatizo ya uzazi yeye akiwa mtoto, hapo ndipo alipoapa kusomea udaktari. Alisomea Kiev enzi za Kisovieti, akarudi akiwa kati ya wanawake wa kwanza Somalia kubobea kwenye magonjwa ya wanawake. Vita vilipoanza 1991, watu walikuja kujificha chini ya miti yake. Hakuwafukuza. Kufikia njaa ya 2011, kwenye shamba hilo walikuwa wanaishi watu kiasi cha 90,000. Tisini elfu, kwenye shamba la mtu!

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hapa hakuna kuulizana kabila wala ukoo, na anayetaka kuulizana aondoke. Ya pili, mwanamume anayempiga mkewe anafungiwa kwenye ghala. Mama huyo alikuwa hana polisi, alikuwa na ghala tu na msimamo.

Mei 2010 wapiganaji mamia wa Hizbul Islam walivamia hospitali yake. Walimwambia kwamba mwanamke hawezi kuongoza mahali kama pale, awakabidhi. Yeye, mama wa zaidi ya miaka 60, akawajibu kwa maana hii: mimi ni mwanamke, lakini ni daktari, na nyinyi mmeifanyia nini jamii yenu? Wakavunja vifaa, wakachana mafaili ya wagonjwa, wakamzuia. Wanawake wa kambini wakatoka kulalamika mbele ya bunduki, Wasomali wa ughaibuni wakapiga kelele, na baada ya siku kadhaa wapiganaji wakarudi nyuma. Hakutosheka. Alitaka waombe radhi kwa maandishi, na wakaandika. Alifariki Agosti 2020. Binti zake wawili aliwasomesha udaktari.

Nikirudi kwenye yangu. Nimesema sikuwa shujaa.

Siku moja, saa nne asubuhi, hali ya usalama kwenye ule mji iligeuka. Sisi tuliotoka nje tuliambiwa begi moja, dakika 20. Ndege ndogo ilikuwa imeshatua. Nilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba kitandani, na mwenzangu, mkunga wa pale pale, amemshikilia. Nilivua funguo za stoo ya dawa shingoni nikampa. Hakusema kitu. Alizivaa, akarudi kushika mkono wa mgonjwa. Nilitaka aseme neno, hata anitukane. Nilipanda ndege. Kutoka juu niliona paa la wodi yetu na nguo zimeanikwa, nikagundua moja ni yangu.

Mkataba wangu ulikuwa na mstari unaosema nitaondolewa. Wake haukuwa nao. Kazi ile ile, usiku ule ule. Mashirika yanajua hili, na baadhi yameanza kulizungumza waziwazi, lakini siku hiyo kwenye ule uwanja wa vumbi lilikuwa jambo kati yangu na yeye. Nilikosea? Niliambiwa na wengi kuwa sikukosea. Ningebaki, ningekuwa mzigo, sura ngeni inayovutia watekaji. Yote ni kweli. Bado nguo ile imeanikwa pale.

Nilimwandikia kwenye WhatsApp usiku ule kutoka Nairobi. Tiki moja. Siku ya pili tiki moja. Siku sita, ndugu zangu, unaangalia tiki moja unapoamka, unapopanda matatu, unapokula. Siku ya saba zikawa mbili, na jibu likaja. Hakuandika habari za risasi. Aliandika orodha: glavu zimekwisha, magnesiamu zimebaki chupa nne, oxytocin iko lakini friji ni mbovu, na yule mama wetu amejifungua msichana, wazima. Mwisho akauliza kama nilifika salama. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia mpaka jirani akatoka.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa orodha zake. Ananiandikia kilichokwisha, natafuta nani wa kuuliza, nani anaweza kukipeleka kwa njia halali. Si kazi ya kupigwa picha.

Kwa hivyo wewe uliyeniandikia, na wewe unayesoma hapa. Nimekusikia kwamba umechoka kulia mbele ya simu. Kwanza punguza kushea maiti. Yule aliyelala bila nguo kwenye ile video ana mama. Sisi hufunika uso kwanza kabla ya chochote, hata wakati wa kukimbia. Kama una mwili wenye afya, hapa hapa Kenya hospitali zina uhaba wa damu kila siku, na damu hupimwa kabla ya kutumika, usiogope sindano. Jifunze huduma ya kwanza kwa mikono, si kwa video. Mafunzo yapo, na siku ya ajali ya boda boda mtaani kwako utajua kwa nini nimesema. Jifunze Kisomali au Kiarabu sawasawa, kiasi cha kumwelewa bibi anayeeleza tumbo. Na leseni yako ihuishwe, usiende popote bila leseni, wala na mtu anayekuahidi kukupitisha mpakani kwa siri "kwenda kusaidia". Huyo ana shughuli nyingine na wewe. Mashirika ya kweli yanakuuliza vyeti, yanakuuliza uzoefu, yanakuuliza unalala usingizi wa aina gani, na yanawaambia wazazi wako uko wapi.

Siku hizo mbili nilipokuwa sijamjibu yule dada, nilimtumia mwenzangu ujumbe wa sauti. Nikamweleza kuna binti wa kwetu, mwanafunzi mzuri, ana moyo, anataka kuja. Aliniacha kidogo. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na mtu anaita jina lake. Kisha akaniuliza, "Anajua kuzalisha mtoto aliyetanguliza makalio taa ikiwa imezimika?"

Nikamwambia bado.

"Basi mwambie amalize kwanza mwaka mzima kwenye wodi ya wazazi huko kwenu," akasema, "halafu anipigie mwenyewe. Na wewe, zile glavu ni saizi ya saba. Mara iliyopita ulileta ya nane."